Ushuhuda wa Kutungiwa

Siku walipokutana, dalali alikuwa mbioni. Alikuwa anaongea na simu mbili kwa mpigo, moja kila sikio, huku akikata kona kwenye msongamano wa jengo la mafundi simu, na kiwiko chake kikapiga sinia la fundi. Skrubu ndogo kama mbegu za mchicha zikamwagika sakafuni.

"Hee! Wewe baba, hayo ni macho au matundu?"

Dalali akazima simu zote mbili. Akapiga magoti palepale na suruali yake ya kijivu iliyopigwa pasi, akaanza kuokota moja moja huku watu wakiwaruka. Alinukia marashi mazuri. Shati lake jeupe halikuwa na kunyanzi hata moja, na kila skrubu aliyoipata alimkabidhi fundi kama anayemvisha pete.

"Kumi na moja. Nikizimaliza, unanipa namba yako?"

"Ukizimaliza utakuwa umezeeka."

"Basi tuzeeke wote."

Fundi akacheka bila kutaka. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na mikono yake ilijua kufufua simu zilizozama majini. Shangazi zake walikwisha kuacha kumuuliza ataolewa lini, na kimya chao kilimuuma kuliko maswali yao.

Simu zikaanza. Asubuhi, mchana, jioni.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Maneno yako."

"Utavimbiwa, mama. Hayo hayana chumvi."

Lakini mapema kabisa fundi alimweka wazi. "Mimi nimeokoka, Dalali. Siishi na mwanamume bila ndoa, wala siolewi na mtu asiyemjua Kristo. Kama ni mpita njia, pita." Haikuwa rahisi kusema hivyo. Siku dalali alipomshika kiuno kwenye ngazi, mwili wote uliitikia ndiyo. Mdomo peke yake ndio uliosema hapana.

Mwezi wa tatu tangu wakutane, Jumapili moja, dalali akasimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Alisema amekuwa mlevi miaka saba. Alisema siku moja aliamka mtaroni, mvua inamnyeshea, akaliita jina la Yesu, na tangu hapo hajagusa chupa. Akalia. Kanisa zima likalia naye. Mama yake fundi akamkumbatia: "Mwanangu!" Na kwenye benchi la nyuma kabisa, kaka yake fundi, fundi bomba ambaye pombe ilikuwa imemla mpaka mikono ikatetemeka, akainamisha kichwa akalia kwa kwikwi.

Tangu siku ile kaka hakunywa tena. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa minne. Kwa hiyo dalali alipomvisha fundi pete ya uchumba, mama alisema huyu si mkwe tu, huyu ni jibu la maombi.

Alhamisi moja mchana dalali akaleta simu yake mezani kwa fundi. "Spika imekufa, malaika wangu. Wateja nawasikia kama wako kisimani. Nakwenda kuonyesha watu nyumba, narudi saa kumi."

Fundi akabadilisha spika. Alikuwa anafunga kifuniko simu ilipoita. Kwenye kioo pameandikwa "Mshikaji". Hakuwa mtu wa kuchungulia simu za wateja. Alipokea ili aseme mwenyewe hayupo. Kabla hajafungua mdomo, kicheko kikapasuka upande wa pili.

"Mchungaji! Leo tena ni soda, au malaika amekuruhusu bia? Sikiliza, harusini nataka meza ya mbele. Mimi ndiye niliyekutungia ule ushuhuda! Ile ya mtaro na mvua, ndugu yangu, niliiandika glasi iko mkononi. Haloo? Mbona kimya?"

Spika ilikuwa imepona. Kila neno lilisikika.

Saa kumi dalali alikuja anapiga mluzi. Fundi akamsukumia simu. "Mshikaji wako amepiga. Anaulizia ule mtaro."

Mluzi ukakatika. Dalali akakaa taratibu kwenye kigoda cha wateja.

"Umewahi kulala mtaroni?"

"Mpenzi..."

"Umewahi?"

"Hapana."

"Na pombe?"

"Nakunywa kama watu wengine wanavyokunywa."

"Unakunywa. Mpaka leo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na Yesu?"

Dalali alijifuta paji la uso. "Nilikutaka wewe. Ulifunga mlango, nikatafuta ufunguo."

"Kaka yangu ameacha pombe kwa uongo wako!"

"Si ameacha? Ukimwambia, kesho atarudi chupani, na hilo litakuwa juu yako, si juu yangu."

Kisha akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani kwa upole. Nyumba ya ghorofa ya nne, vyumba viwili, baraza pana. "Mapenzi yangu hakuna aliyenitungia. Jumatatu twende tukafunge ndoa serikalini. Kanisani utakwenda, hata mimi nitakaa pembeni yako niimbe. Nani atajua?"

Akamshika mkono, kidole gumba kikipapasa kiganja chake. Fundi akaiona nyumba: mapazia, vikombe viwili, harufu ya marashi yale kwenye mto. Aliitamani. Aliitamani mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mimi nitajua," alisema akiuvuta mkono. "Na Yeye anajua. Ungeniambia, siamini, ila nakupenda, ningelia, ningekuombea mpaka magoti yaote sugu. Lakini umesimama madhabahuni, ukamfanya Mungu wangu dalali wako."

Akavua pete, akaiweka juu ya funguo. Dalali alizitazama. Akavichukua vyote viwili, akaondoka.

Fundi alimkuta kaka yake jikoni kwa mama, amelala chali chini ya sinki, anakaza bomba. Akamweleza yote akiwa amesimama, akilihofia neno la dalali.

Spana ikanyamaza. "Nilijua," kaka alisema.

"Ulijua nini?"

"Alisema aliamka akaliita jina la Yesu. Mdogo wangu, mtu akiamka mtaroni, kitu cha kwanza anatafuta kiatu."

"Sasa ulilia nini?"

Kaka akajitoa chini ya sinki, akakaa sakafuni. "Mtu alijivika aibu yangu kama koti la kuazima, na watu wakamkumbatia. Nikasema, kumbe na mwenye koti anaweza kukumbatiwa. Nikaenda kumwambia Mungu yangu ya kweli. Mimi na dalali hatuhusiani."

"Na mimi je? Hukuniambia!"

"Ulikuwa unacheka. Miaka mingapi hukucheka vile? Nikaomba ageuke njiani. Nisamehe."

Hilo nalo likamchoma. Alimpiga begani kwa kitambaa cha vyombo, mara moja, mara mbili, kisha akaketi kando yake, akalia wee mpaka gauni likalowa magotini.

Jumapili simu ya dalali iliita mara tatu. Fundi hakupokea. Alikuwa mlangoni mwa kanisa, hajavaa joho lake la kwaya, miguu imekataa kuvuka kizingiti.

"Siwezi kuimba leo, Kaka."

"Kaa tu. Nitaimba mimi."

"Wewe huna sauti."

"Mungu atanivumilia. Twende."

Wakaingia.