Diski ya Tano Ilipiga Hodi

Diski nne za kwanza zilivuma kama nyuki, kama diski zenye adabu zao. Ya tano iligonga.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Kijana aliyeinamia kasha la kompyuta pale studio walimwita Digrii, na si kwa heshima. Digrii ya kompyuta alikuwa nayo kweli, daraja la kwanza, kailaminisha. Kwa miaka minne ilikuwa imemsaidia kupepea nzi. Taifa zima linaimba elimu ni ufunguo, makufuli hakuna anayekuonyesha. Alikuwa anakula kwa dada yake mpaka shemeji akaanza kuhesabu vipande vya mkate kwa sauti.

Asubuhi hiyo Mama Studio, mwenye duka la picha za harusi na pasipoti, alimwambia, "Niunganishie diski zote tano ziwe moja. Humo mna picha za watu za miaka kumi na tisa. Ikifika saa kumi zimeungana, kazi yako. Zikipotea, hata mtaa huu usiupite."

Kazi yenyewe haikuwa ya maajabu. Unazimimina diski zote katika kile ambacho mafundi wanakiita bwawa. Kompyuta inaona diski moja kubwa, na kila picha inakatwa vipande, kimoja huku, kingine kule. Faida yake ni nafasi. Balaa lake ni kwamba maji yakishachanganyika, huwezi kusema nitolee yale ya ndoo ya tano.

Ko, ko, ko.

Diski inayogonga ni diski inayokufa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Lakini Digrii alikuwa anaandika amri ya mwisho, macho kwenye skrini, moyo kwenye mshahara. Na mama yake alimlea vizuri. Mtu akigonga, unaitikia.

"Karibu," akasema, akabonyeza.

Kugonga kukakoma papo hapo.

Kwanza ilikuja harufu, kama nywele zilizopitiwa na moto. Akakagua nyaya, nzima. Akafungua picha moja ajaribu bwawa lake: bibi harusi, bwana harusi, mashangazi wamejipanga. Nyuma yao mtu mrefu kaipa kamera mgongo. Akafungua nyingine, ya mahafali. Mgongo uleule. Akafungua ya pasipoti, ya mzee mmoja mbele ya pazia jeupe, na hapo, pembeni ya sikio la mzee, bega.

"Mama," aliita taratibu, "hebu njoo."

Mama Studio akaja na miwani yake. "Huyu nani? Hii nilipiga mwenyewe, tulikuwa wawili tu."

"Tazama na nyingine," Digrii akasema.

Wakafungua nyingine, na nyingine, mchana kweupe, barabarani watu wanabishana mpira, na kila picha waliyoifungua yule mtu alikuwa amegeuka kidogo zaidi, sikio, kisha shavu, kisha ncha ya pua, na taa tano za diski zilikuwa zinawaka na kufifia pamoja, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala, mpaka Mama Studio akafunika skrini kwa kanga yake kabla jicho halijatokea.

"Chomoa hiyo ya tano!"

"Nikichomoa moja zote zinakufa, mama. Na hayupo kwenye ya tano tena. Yuko vipande vipande, kila mahali."

Aliyeitwa ni mama mshonaji wa duka la pili. Huyo watu walimwendea kwa yale mambo ambayo daktari huyasikiliza, akakuandikia dawa ya kichwa. Aliingia na futi ya kupimia shingoni, akanusa.

"Nani kamkaribisha?"

Digrii akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Wasomi!" mshonaji akasonya. "Mmefundishwa kila kitu, isipokuwa kuuliza nani wewe kabla ya kuitikia."

"Mfukuze basi, dada," Mama Studio akanong'ona.

"Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, anasindikizwa. Na mwenyeji wake ni huyu. Kijana, mpeleke hadi njia panda. Usigeuke. Akiaga, funga mdomo. Umenisikia? Usijibu hata neno."

Digrii akatoka. Nyuma yake zikamfuata hatua nyepesi, tatu tatu, na ile harufu ikimpumulia kisogoni. Alipofika njia panda simu ikalia, akaruka.

"Katoka!" Mama Studio alikuwa analia na kucheka. "Picha zote safi! Jumatatu saa mbili uko kazini, mwanangu!"

Miaka minne ikamwondoka mabegani kama gunia. Kazi! Shemeji ataisoma namba!

"Nami naaga, ndugu yangu," sauti ya upole ikasema nyuma yake. "Ahsante kwa kunisindikiza."

"Haya, karibu na nyumbani," akajibu.

Neno lilikuwa limeshatoka. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nyuma yake hapakuwa na mtu, wala harufu.

Alikimbia njia nzima, akafika anahema, akagonga. Ko, ko, ko. Ngumi yake mwenyewe ikamtisha.

"Hodi! Dada, nifungulie!"

"Nani?"

"Mimi!"

Sauti ya dada yake ikasogea, ndogo, imeegemea mlango. "Mimi nani? Mdogo wangu kaingia sasa hivi. Yuko mezani, anamsimulia shemeji yake habari za kazi."

Ndani shemeji alicheka, kicheko cha raha ambacho Digrii hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba ile. Harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango.

"Dada, wallahi ni mimi! Fungua!"

Kiti kikasogezwa. Hatua nyepesi zikaja, tatu tatu, na sauti ya Digrii mwenyewe, ileile ya mtoto aliyelelewa vizuri, ikasema taratibu upande wa pili wa ubao:

"Usimwitikie, dada. Muulize kwanza, nani wewe."