Kasoro ya Mwisho ya Sehemu ya Saba

Kisa hiki nilisimuliwa na binamu yangu, mhariri wa kurasa za burudani katika gazeti moja, mtu ambaye zamani akisikia habari za majini alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Siku hizi hacheki, na taa ya chumbani kwake haizimwi. Yaliyotokea yalimpata mwandishi wake mmoja, mhakiki wa tamthilia za televisheni, ambaye watu wote walimwita Bwana Kasoro.

Jina hilo alilipata kihalali. Wenzake wakitazama tamthilia hulia na kucheka. Yeye alisimamisha picha na kutafuta makosa. Mhusika akilala na shati la mikono mirefu akaamka na la mikono mifupi, ujue Bwana Kasoro kamwona. Kila uhakiki wake ulimalizika kwa kasoro alizozinasa, na wasomaji wake, watu wabaya, walikuwa wanaanza kusoma kutoka chini. Hata nyumbani alikuwa hivyohivyo. Mkewe akishapanga sahani kabatini, yeye atapita nyuma azipange upya.

"Nyani haoni kundule," mkewe alikuwa anamwambia, akimwonyesha shati alilolivaa nje ndani.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kumtoa kasoro ni binti yao mdogo, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya doa jeusi shavuni. Huyo hata alipomwagia kompyuta maziwa, baba mtu alisema maziwa yamejimwaga yenyewe.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, mchana kweupe, jua limejaa sebuleni. Mkewe alikuwa jikoni anakatakata vitunguu. Kidoti alikuwa chini ya meza ya baba yake, anachora kwa kalamu za rangi na kuimba wimbo asioujua vizuri. Bwana Kasoro alikuwa na kazi ya kukabidhi jioni: kuhakiki sehemu ya saba ya tamthilia moja ya kisayansi iliyokuwa gumzo mjini. Gazeti lilitumiwa mapema, kabla haijaonyeshwa, ili uhakiki utoke siku ileile.

Kisa chake kilikuwa hivi. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe anagundua kwamba dunia yetu ina pacha wake, dunia nyingine iliyo ubavuni mwa hii, yenye mitaa ileile na nyumba zilezile. Anatoboa njia, anavuka, anaingia katika nyumba iliyo sawa na yake ili amchukue mtoto wa huko. Sehemu yote ya saba inatokea ndani ya nyumba hiyo.

Ilikuwa kazi nzuri, hilo Bwana Kasoro alilikubali. Mwanamke yule hakuonyesha uso hata mara moja. Wakati wote kaupa mgongo upande wa mtazamaji, anatembea taratibu, anagusa hiki na kile. Lakini kosa halikukawia. Mlango wa jikoni, alipoingia, aliuvuta. Alipoingia tena, aliusukuma.

Sasa, mhakiki huyu alikuwa na utaratibu wake. Akiona kosa, analiandika kwanza, halafu ndipo anarudisha picha nyuma kulihakikisha. Akaandika: mlango wa jikoni unavutwa na kusukumwa, waamue. Kisha akainuka akachukue chai.

Akausukuma mlango wa jikoni kwake. Haukwenda. Akausukuma kwa bega.

"Vuta, bwana," mkewe alisema kutoka ndani, anacheka. "Hizo tamthilia zitakumaliza. Mlango wa kuvuta tangu tuhamie hapa."

Aliuvuta, ukafunguka. Alisimama pale kidogo akiitazama bawaba. Angeweza kuapa kwamba asubuhi aliusukuma. Lakini mtu huapa mangapi? Alimimina chai katika kikombe chake cha buluu, akarudi, akairudisha picha nyuma.

Mwanamke aliuvuta mlango. Alipoingia tena, aliuvuta.

Bwana Kasoro alifikicha macho. Akasema moyoni kwamba uzee umeanza kubisha hodi, akaendelea, maana muda ulikuwa unamkimbia. Kasoro ya pili: kikombe kilicho mezani kwa mwanamke ni cha buluu, kufumba na kufumbua ni chekundu chenye ufa. Na ya tatu ndiyo iliyomfurahisha, kasoro kubwa, ya kuwachekesha wasomaji wiki nzima. Mwanamke kavuka dunia nzima kumfuata mtoto. Viatu vya mtoto viko mlangoni. Kalamu za rangi ziko sakafuni. Na mtoto mwenyewe hayupo! Hakuna hata kivuli chake. Mwanamke anazunguka nyumba nzima anatafuta, anainama chini ya meza, na kipindi kinakwisha hivyohivyo.

Aliziandika zote mbili kwa mkupuo mmoja. *Waandishi wamemsahau mtoto. Wamlete, maana bila yeye hakuna hadithi.* Akatabasamu. Akanyoosha mkono kuchukua chai.

Kikombe kilikuwa chekundu. Kina ufa.

Hakukigusa. Alitulia akisikiliza, na kwanza hakujua anachokisikiliza. Kisha akajua. Wimbo ulikuwa umekoma.

"Kidoti?"

Akainama chini ya meza. Kalamu za rangi zilikuwepo, zimetawanyika. Ile ya kijani ilikuwa bado inabiringika.

Akaenda chumbani. Hakuna mtu. Chooni. Hakuna. Nyuma ya pazia, kabatini, chini ya kitanda. Viatu vyake vidogo vilikuwa mlangoni, na komeo la mlango lilikuwa limefungwa kwa ndani, juu, mahali ambapo hata angepanda kiti asingepafikia.

"Kidoti! Toka, mama, baba hachezi."

Mkewe akatokea, anafuta mikono. "Unamwita nani?"

"Mtoto. Kapita huko kwako?"

"Mtoto yupi?"

"Mtoto wetu!"

Mkewe aliacha kufuta mikono. Machozi yakaanza kumlengalenga. "Mume wangu," alisema polepole, "tulikubaliana hatutaongelea tena habari za mtoto. Mungu hakutujalia. Mbona unanichimbua?"

"Na viatu hivi?"

"Si vya wapangaji waliotutangulia? Mwenyewe ulisema tusivitupe."

Alirudi mezani. Akairudisha picha.

Mtoto alikuwepo. Alikuwa chini ya meza, kwenye nyumba ile ya kwenye kioo cha kompyuta, anachora. Ana doa shavuni. Aliinua kichwa, akatazama huku na huku, akaita, "Baba?" Akasubiri. Hakujibiwa. Akaita tena, na sauti ikaanza kutetemeka. Nyuma yake, jikoni, mwanamke asiye na uso aliacha kufanya alichokuwa anakifanya. Na kipindi kikaisha.

Bwana Kasoro alifuta mstari wa tatu. Akarudisha picha. Mtoto bado yuko kule. Akaandika kinyume chake: mtoto hapaswi kuwepo, aondolewe. Akarudisha. Yuko palepale, kwa sababu hilo halikuwa kosa, na kile kilichokuwa kinarekebisha kila alichoandika, kwa kuchota nyumbani kwake, kilikuwa kinapokea makosa ya kweli tu. Akatafuta jingine. Alitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya nyumba inayoungua. Saa ya ukutani ilikwenda sawasawa. Mwanga wa dirishani ulikaa sawasawa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hakuna tundu, hakuna ufa.

Na kila alipoirudisha, mwanamke alikuwa amegeuka kidogo zaidi.

Mara ya kwanza bega tu. Kisha sikio. Kisha ukingo wa shavu.

Hapo ndipo alipompigia simu binamu yangu. Alinong'ona, mkewe asisikie. Alimweleza yote haya niliyokueleza, tangu mlango hadi shavu, na binamu yangu akadhani jamaa kazidiwa na kazi.

"Pumzika, ndugu yangu. Uhakiki utatoka kesho."

"Nisikilize. Kuna kosa moja limebaki."

"Lipi?"

"Mtoto anaita baba. Na nyumba ile haina baba."

Binamu yangu aliweka kalamu chini.

"Hilo ni kosa la kweli," Bwana Kasoro alisema. "Nikiliandika, watalirekebisha kwa kunivuta mimi."

"Sasa utatokaje huko?"

"Sijui. Nitatafuta. Kutafuta kasoro ndiyo kazi yangu." Pumzi zake zilisikika. "Wewe una tabia ya kunikatia mistari. Mstari huu usiukate. Nakuomba."

Akamwambia asubiri kidogo, asikate simu. Binamu yangu alisikia hatua zake zikienda jikoni, na sauti ya mke ikisema, nusu kwa mzaha, "Mbona unaniangalia kama mtu anayesafiri?" Alisikia mtu akilia kwa kujizuia, mwanamume. Alimpenda mkewe mtu yule. Na alijua akitoka hapo, hata kuliliwa hataliliwa.

Hatua zikarudi. Zikasikika herufi za kompyuta zikibonyezwa, chache tu. Kisha kimya, kimya kizito, kama cha ndani ya mtungi. Na kwa mbali, mbali sana, sauti ya mtoto.

"Baba, umechelewa. Mama ameshageuka."

Simu ikakatika.

Binamu yangu alifika kwenye nyumba ile kabla chai aliyoiacha mezani ofisini haijapoa. Mke alimfungulia, mwanamke mpole, akamkaribisha kwa adabu anavyokaribishwa mgeni asiyejulikana. Alisema hajawahi kuolewa. Anaishi peke yake. Hana kompyuta, hana hata televisheni, hazimpendezi. Mlangoni kulikuwa na viatu vidogo vya mtoto, na pembeni yake ndala za mwanamume.

"Hizi ni za nani, shemeji?" aliuliza, na neno shemeji likamtoka bila kutaka.

"Za wapangaji wa zamani," alijibu. "Sijui kwa nini sizitupi."

Kule gazetini nako, hakuna aliyemkumbuka mwandishi wa jina hilo. Binamu yangu peke yake ndiye aliyebaki naye kichwani, labda kwa kuwa alikuwa ameshika simu. Sehemu ya saba ilionyeshwa, na watu waliisifu mno, wakasema haina kosa hata moja. Mimi pia niliitazama. Katika nyumba ile kuna mwanamume amempakata mtoto mwenye doa shavuni, amemfunika macho kwa kiganja. Kwa mkono wa pili anapapasa ukuta. Anapapasa bawaba, anapapasa kingo za dirisha, anapima kwa vidole, tena na tena. Nilijua anachokitafuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia habari za mtu atakayeziba nyufa zote kwa mkono wake, mpaka pasibaki pa kupitisha hata kidole. Nilizima kabla mwanamke hajaingia kwenye picha.

Binamu yangu hupita kumjulia hali aliyekuwa mke wa Bwana Kasoro kila anapoweza. Anasema ni mzima, mchangamfu, hana shida na mtu. Ila kuna jambo moja. Kila akienda jikoni huusukuma mlango kwanza, kwa kiganja, kwa uhakika kabisa. Haufunguki. Hucheka mwenyewe, husema hajui mkono wake una wazimu gani, maana mlango huo ni wa kuvuta tangu siku aliyohamia. Kisha anauvuta, anaingia, na kabla ya kupika anatoa sahani tatu.