Pengo la Igunwa

Zamani zile misafara ya pembe ilipokuwa ikikatiza nchi ya Unyamwezi, na mwenye gobori akihesabiwa kama jeshi, palikuwa na mji mdogo uitwao Igunwa. Upande wa juu, penye mawe, walikaa watu wa Kilimani. Upande wa chini, penye mbuga ya mpunga, walikaa watu wa Bondeni. Kila kitongoji kilikuwa na mwanangwa wake, aliyeamua kesi na kugawa mashamba kwa niaba ya mtemi. Mji mzima ulizungukwa na boma la magogo na minyaa, na sheria ya boma ilikuwa hii: anayeziba sehemu, ardhi iliyo nyuma yake ni yake.

Basi sheria hiyo hiyo nusura iwamalize.

Pale vitongoji vilipokutana, mchwa waliyala magogo na boma likaanguka. Nyuma yake palikuwa na kipande cha udongo mweusi, mzuri, kila mtu anautamani. Mwanangwa Kashindye wa Kilimani alipoleta magogo, watu wa Bondeni waliyang'oa. Mwanangwa Lugwisha wa Bondeni alipochimba mashimo, watu wa Kilimani waliyafukia. Misimu ikapita, mbuzi wanaingia na kutoka, na wazee wale wakalilinda pengo lisizibwe kuliko walivyowahi kulinda boma lenyewe.

Nyumba ya Nyamizi ilitazamana na pengo. Usiku mbwa akibweka tu, yeye huyo, anapapasa miguu ya wanawe wawili, Ngassa na mdogo wake, kuhakikisha wote wapo.

Asubuhi moja wapagazi walipita mbio, wakasema rugaruga, wale wapiganaji wa kuteka watu, wamechoma mji wa jirani, wanabeba watoto kama mizigo, na wanakuja huku. Wanaume wakakusanyika barazani na mikuki yao. Nyamizi akawafuata, akawakuta bado wanabishana nani azibe. Jua likapanda, likaanza kushuka.

"Baba zangu," akasema, "mwanamke akiziba boma, ardhi inakuwa ya nani?"

Lugwisha akacheka. "Mwanamke ana ardhi tangu lini, mama Ngassa?"

"Nauliza tu, baba."

"Haiwi ya mtu," akajibu Kashindye. "Labda ya panya."

Baraza zima likaangua kicheko.

"Nashukuru," akasema Nyamizi, akaenda kutafuta jembe.

Akawaita wanawake wa juu na wa chini. Mke wa Kashindye na mke wa Lugwisha, ambao hata salamu walikuwa wameacha, wakajikuta wamebeba gogo moja, huyu mbele, yule nyuma. Wakachimba, wakasimika, wakasokota matawi ya miiba katikati. Wanaume walisimama wakitazama. Hapakuwa na la kung'oa, kwani hapakuwa na aliyedai. Mwishowe waliona aibu, wakashika pinde na kupanga mstari nyuma ya wake zao.

Alfajiri rugaruga walikuja moja kwa moja pale pale, maana habari za pengo zilishafika njia ya msafara. Wakakwama kwenye miiba na vilemba vyao vyekundu, mishale ikawanyeshea kutoka pande zote mbili. Waliosalia walikimbia, wakaacha magobori. Nyamizi alirudi ndani akapapasa miguu. Yote minne ilikuwepo, na Ngassa alikuwa bado anakoroma.

Hazikupita siku nyingi, wanangwa wakaja, kila mmoja kwa wakati wake, wakiuliza kwa upole kama si mke wake aliyechimba shimo la kwanza.

"Kila gogo lilibebwa na wa juu na wa chini," Nyamizi aliwajibu. "Anayetaka lake na alipasue katikati."

Wakaondoka. Wanawake wakapanda karanga pale, watoto wa pande zote wakala.

Majina ya wakuu wa rugaruga wale yamepotea, lakini karanga za pengo la Igunwa zinasimuliwa hadi leo. Nanyi mnaoshtakiana mipaka kwa mwenyekiti wa kijiji, kabla hamjang'oa gogo la mwenzenu, tazameni kwanza ni nyumba ya nani inatazamana na pengo, na nani wamelala ndani.