Ufunguo Uliochomwa Mwezi wa Saba

Watoto wa kituo walikuwa kumi na mmoja, lakini simu ilijibu kumi na wawili.

Peiling aliuliza tena. Kumi na mmoja. Akauliza tena. Kumi na wawili.

"Kaka Jungwei, njoo uone. Hii kitu imesahau kuhesabu."

"Imefuata mwalimu wake," Jungwei alimtania, akivuta kiti.

Ilikuwa siku ya nne tangu Peiling aanze kuunda programu ya simu kwa ajili ya kituo cha kulea watoto, mtaa wa pili kutoka ofisini kwao hapo Taichung. Binti yake Ruirui, wa miaka mitatu, alishinda humo. Mzazi akiuliza, swali halikwenda kituoni moja kwa moja. Lilipanda kwanza kwa mpokezi wa mawinguni, huduma ya mtandaoni inayopokea maswali na kuyapitisha, na kompyuta ya kituo ilikuwa imetega sikio huko, ikingoja kuitwa. Mwenye ufunguo wa maandishi, yaani msimbo wa siri, ndiye aliyeruhusiwa kutega sikio.

Jungwei alisoma kioo, utani ukamtoka. "Mpokezi anasema wasikilizaji ni wawili. Anawagawia maswali kwa zamu."

"Wa pili nani? Ufunguo tunao mimi na kituo tu. Niliuandika kwenye karatasi, ikawa hapa mezani."

Jungwei alijikuna shingo. "Juzi tulipowachomea wafu pesa zao za karatasi katika pipa pale nje, moto uligoma. Nikachukua makaratasi ya mezani kuuchochea. Usinitazame hivyo, dada. Nilidhani taka."

Peiling alichungulia nje, kwenye pipa la majivu. Mwezi wa saba wa kalenda ya mwandamo, milango ya kuzimu huwa wazi, na kinachochomwa katika pipa lile huwafikia wafu. Kikifika, ni chao.

Alimpigia mwalimu wa kituo. "Zima kompyuta. Chomoa na waya."

"Nimechomoa, mama Ruirui. Kuna nini?"

Peiling alikata simu. Sasa hapakuwa na kitu cha kujibu swali, na kwa sababu hapakuwa na kitu aliuliza tena watoto ni wangapi, na harufu ya majivu yaliyolowa ikajaa chumbani ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa, na simu ikawa ya baridi mkononi kama samaki wa barafuni, ikakawia, ikakawia, kama mtu anayechagua, kisha ikaleta jibu: mtoto mmoja, jina lake Ruirui.

Alimkuta mwanawe kwenye kona ya kituo, macho wazi, mikono baridi. Alimwita mara saba. Hakugeuka.

Bibi Suhua, mponyaji wa watoto wa nyuma ya hekalu, alifunga kikombe cha mchele kwa shati la Ruirui, akakizungusha juu ya moshi wa udi. Alipofungua, mchele ulikuwa na shimo katikati.

"Ameitwa, akaitika," alinong'ona.

"Nibadilishe ufunguo, bibi?"

"Mwanangu, mgeni yumo ndani, wewe unabadilisha kitasa? Utamfungia na mtoto. Mpe nyumba nyingine, yake peke yake. Na usimbishie hodi kamwe."

Jioni ile Peiling alifungua mahali papya kwa mpokezi, patupu, pasipo na swali. Aliandika ufunguo wake kwa wino mweusi, akauchoma pamoja na pesa za karatasi, huku Jungwei akiinama mara tatu na kuomba radhi kwa sauti ya chini. Kisha wakatazama kioo. Mahali pa zamani, wasikilizaji: sifuri. Papya: mmoja.

Ndani ya ofisi, Ruirui alilia akataka uji wa mchele. Peiling akafuta ufunguo wa zamani, akaketi sakafuni.

Mwezi wa saba ukapita. Mahali pale hakupagusa, hakupauliza neno. Mtoto akanenepa, akarudi kucheza na kugombania vijiko.

Asubuhi moja walikuwa mezani wakila, ujumbe ukaingia kutoka kwa mpokezi. Peiling aliusoma mara mbili kabla haujamwingia: mahali pako hapajaulizwa swali lolote kwa siku thelathini, hivyo tumepafunga, na aliyekuwa akisikiliza ameondolewa.

Alinyanyua macho. Ruirui alikuwa ameacha kutafuna. Aliweka kijiko chini taratibu, akaugeukia mlango uliofungwa, akaitika kwa adabu:

"Abee."