Mapipa Matatu, Shimo Moja

Mkutano uliisha saa kumi jioni. Wageni waliondoka wakicheka na kupeana mikono. Mama Mikutano alibaki katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, amechoka hoi.

Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake. Yeye na mumewe walikuwa na ukumbi wa kukodisha. Mke alipanga viti, vyombo na karatasi. Mume alipika.

Siku hiyo walikuja watu mia moja. Mezani zilibaki chupa za maji zaidi ya mia mbili. Nyingi zilikuwa na maji nusu.

"Hivi hawa watu wana nini?" alifoka. "Mtu anafungua chupa, anapiga mafunda mawili, anaiacha. Anatoka nje kidogo. Akirudi haitambui tena, anafungua nyingine!"

"Ndio wageni hao," mumewe alijibu kutoka jikoni. "Fagia tu, tukachome."

Ndivyo walivyofanya siku zote. Chupa, karatasi, vijiko vya plastiki na wali uliobaki, vyote vilitupwa kwenye shimo nyuma ya ukumbi. Kisha moto. Moshi uliingia ndani kupitia madirisha. Mama Mikutano alikohoa, akafunga madirisha, akawasha kiyoyozi. Kesho yake aliyafanya yale yale, huku akilalamika vile vile.

Wiki hiyo ikaja barua kutoka kwa Katibu wa chama cha wauguzi. Kwa miaka sita chama hicho kilifanya mkutano wake mkuu hapo, siku tatu mfululizo. Mkutano huo ndio uliouweka ukumbi hai. Bila huo, mke na mume wangefunga milango.

Katibu aliandika: "Mwaka huu tutakwenda tu kwenye ukumbi unaotunza mazingira. Nitakuja Alhamisi kuangalia. Ukumbi utakaofaa tutaupa cheti."

"Cheti tu?" mume alisema. "Hicho tumekipata."

Wakajifunga kibwebwe. Walinunua mapipa matatu: la bluu la karatasi, la njano la chupa, la kijani la mabaki ya chakula. Mama Mikutano akachapisha matangazo mia mbili yenye maneno TUNZA MAZINGIRA. Kila tangazo akalitia kwenye mfuko wake wa plastiki, lisichafuke. Jamani! Akaweka moja juu ya kila kiti, akasimama kuangalia, akaridhika kabisa.

Alhamisi kulikuwa na semina ndogo ya walimu. Katibu alifika wakati wa mapumziko. Aliyaona mapipa, akatabasamu. Alichukua tangazo moja, akaligeuza.

"Umechapisha mangapi?"

"Mia mbili, Bi Katibu!"

Tabasamu likapungua. "Na mapipa yakijaa, vitu vinakwenda wapi?"

Kabla hajajibiwa, mume akapita nyuma ya dirisha na pipa la bluu begani. Akalimwaga shimoni. Akarudi, akachukua la njano. Shimo lile lile. Akaja na la kijani. Shimo lile lile. Kisha akawasha kiberiti, huku akipiga mbinja.

Mama Mikutano alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," Katibu alisema. "Nimekuja kuona kazi, sikuja kuona rangi. Baada ya wiki mbili viongozi wetu themanini watakutana hapa siku moja. Hiyo ndiyo nafasi yenu ya mwisho. Mkishindwa, mkutano mkuu tunauhamisha."

Alipoondoka, Mama Mikutano alimtolea mumewe uvivu. "Mapipa matatu, shimo moja! Akili zako umezipeleka wapi?"

"Wewe uliniambia niyamwage. Hukuniambia wapi!"

Kwenye geti la nyuma mtu akaangua kicheko. Alikuwa mwanamke mzoa taka, amesimama na mkokoteni wake. Alipita kila wiki kuchukua vile ambavyo moto ulishindwa kuvimaliza.

"Cheka, cheka," Mama Mikutano alisema kwa hasira. "Ukumbi si wako."

"Nacheka kwa sababu ningekwambia zamani, dada. Hukuwahi kuniuliza."

"Haya, nakuuliza. Sema."

Mzoa taka akavua glavu. "Kosa lenu ni moja. Mnaanza kufikiria taka mkutano ukiisha. Hapo mmechelewa. Anzeni kabla wageni hawajafika. Hizi chupa ni za nini?"

"Wageni watakunywa nini sasa?"

"Maji hayo hayo. Weka majagi ya maji safi na salama mezani. Kila mtu mpe glasi, bandika kikaratasi chenye jina lake. Atajua ni yake mpaka jioni. Na haya makabrasha? Kila mkutano nayaokota, hata hayajafunguliwa. Onyesheni maandishi ukutani kwa projekta. Anayetaka karatasi aombe, na mchapishe pande zote mbili."

"Na beji za majina?"

"Zikusanyeni mlangoni wakitoka. Mtazitumia tena."

Kisha akamgeukia mume. "Shemeji, watu wakialikwa mia, wewe unapikia wangapi?"

"Mia na thelathini," mume alijibu kwa fahari. "Chakula kikipungua aibu ni yangu."

"Na kikimwagwa aibu ni ya nani? Mimi ndiye ninayebeba huo wali. Mkokoteni unaniumiza mgongo!"

Mume akanuna. Hakuna kitu kilichomuuma kama kuambiwa apunguze sufuria.

"Waulizeni siku mbili kabla," mzoa taka aliendelea. "Nani anakuja, nani haji. Pika kwa hesabu hiyo. Mchele wa akiba uache mkavu jikoni. Ukiona watu wameongezeka, unaupika hapo hapo."

"Na taka zitakazobaki?" Mama Mikutano aliuliza. Sasa alikuwa amekaa chini, kalamu mkononi.

"Karatasi kavu na chupa nitazipeleka kwa wanaozinunua kutengenezea vitu vingine. Mabaki ya mboga atachukua mfugaji. Lakini msiyachanganye, yakichanganyika hayafai. Na acheni kuchoma plastiki, nawaomba. Moshi wake una sumu. Mnajifungia madirisha kwa moshi wenu wenyewe, halafu mnawasha kiyoyozi!"

Mama Mikutano aliandika hilo nalo. Miaka yote hiyo alikohoa na hakuwahi kujiuliza.

Wiki mbili hazikuwa rahisi. Alipiga simu mpaka sikio likauma. Wengine walisema watakuja, wakasema hawaji, kisha wakasema wataona. "Wataona nini?" alifoka. "Sisi tunapika wali, siyo sinema!" Hatimaye akapata watu sabini na wawili. Akaomba basi moja liwachukue wageni stendi, kila mtu asije na gari lake. Mume akalifukia shimo.

Siku yenyewe, mgeni mmoja mwenye kitambi aliisukuma glasi yake. "Mimi mtu mzima naandikiwa jina kama mtoto wa chekechea? Leteni chupa!"

"Baba, chupa hatuna," Mama Mikutano alisema. "Lakini jina ukilitaka kubwa zaidi, nitaliandika."

Meza nzima ikacheka. Yule mgeni naye akacheka, akanywa.

Mchana wakatokea watu watano ambao hawakusema kama watakuja. Mume akakimbilia mchele wa akiba, jasho linamtoka. Wote wakala, wakashiba. Sufuria zikabaki tupu na hakuna aliyelalamika. Mume akazitazama kama mtu aliyeona muujiza.

Saa kumi Katibu akaenda nyuma ya ukumbi. Hapakuwa na shimo wala moshi. Mapipa matatu yalikuwa na vitu vichache, kila kimoja mahali pake. Mzoa taka alikuwa ameshafika na mkokoteni.

"Ni hizi tu?" aliuliza. "Basi leo mgongo wangu umepona."

Katibu akacheka. "Mama, mkutano mkuu tutaufanya hapa. Cheti mtapewa sasa hivi, mbele ya watu wote. Nani alikufundisha haya?"

Mama Mikutano akamshika mzoa taka mkono, akamvuta.

"Wapi? Na mabuti haya?" mzoa taka aligoma.

"Hayo hayo!"

Wakazunguka ukumbi, wakaingia ndani. Katibu akasoma cheti, Mama Mikutano akakipokea, kisha akampa mzoa taka kipaza sauti. Wauguzi wote wakamtazama.

"Ukumbi huu nimeuzolea taka miaka tisa," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza kupita mlango wa mbele."

Watu wakasimama wote, wakapiga makofi. Mama Mikutano akamsogezea kiti, akamwekea glasi ya maji. Akachukua kikaratasi na kalamu, akataka kuandika. Kalamu ikasimama hewani. Miaka tisa, na jina lake hakulijua.

"Dada," alimwinamia, uso umejaa aibu, "naomba uniambie jina lako."