Shuka la Watu Wawili

Jumamosi asubuhi, kamba ya nguo nyuma ya nyumba ilikuwa imejaa. Mama alianua shuka la kitanda kikubwa. Binti yake wa miaka tisa akaja mbio kushika ncha ya pili, kama alivyozoea tangu hajajua kufunga viatu. Huo ulikuwa mchezo wao. Wanalivuta shuka, wanalitikisa, wanakutana katikati, wanagusana pua.

Siku hiyo mama hakumpa ncha. Alilibana shuka kwa kidevu, akatanua mikono, akaanza kulikunja peke yake chapuchapu, shingo imepinda kama ndoano.

"Na mimi je, mama?"

"Niache. Nimeshazoea."

Alisema kwa ukali. Binti akageuka, akaingia ndani. Mama akabaki na shuka kidevuni, anajishangaa. Huo ukali ulikuwa umetoka wapi?

Ulikuwa umetoka kazini.

Mama alikuwa dobi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa. Alikuwa na miaka minane kazini. Walikuwa wanawake sita, wanafua, wanakausha, wanapiga pasi, wanakunja. Mashuka ya hospitali ni mapana, na sakafu ina maji. Kwa hiyo yanakunjwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Miezi minne nyuma, wenzake walianza tabia ya kuzima mashine kabla ya maji ya moto kumaliza kazi yake, ili watoke mapema. Mashuka yakawa yanarudi wodini na madoa. Mama aliwaambia mara ya kwanza, wakacheka. Aliwaambia mara ya pili, wakamwambia ajali mambo yake. Mara ya tatu akamwambia msimamizi, kwa sababu juu ya mashuka yale wanalala wagonjwa wenye vidonda. Msimamizi akakomesha tabia ile. Kosa la mama lilikuwa hilo tu.

Kuanzia siku hiyo akaitwa Redio, eti anatangaza ya wenzake. Jina alilitunga mwanamke wa pasi kubwa, ambaye wote walimwita Mama Mvuke. Ulimi wake ulikuwa unaunguza kuliko pasi yake.

Mwanzoni yalionekana mizaha. Kisha salamu zake zikawa hazijibiwi. Akiingia, mazungumzo yanakatika kama yamekatwa kwa mkasi. Kigoda chake alikikuta nje, karibu na mapipa ya taka. Aproni yake aliikuta imelowa maji machafu. Mwisho wakafanya lililo kubwa zaidi. Hakuna aliyemshikia ncha ya shuka.

"Redio ina antena mbili," Mama Mvuke alisema, "ijikunjie yenyewe." Wote wakacheka. Hata yule dobi mgeni, mwenye miezi mitatu tu kazini, alicheka huku akiangalia chini.

Mama alikuwa na kiburi chake. Akaapa kwamba hawatamwona akilia. Akajifunza kukunja peke yake, kidevu kikiwa mkono wa tatu. Msimamizi alipopita akamwona, akamsifu kuwa ni hodari, anafanya kazi ya watu wawili. Mama akatabasamu. Hakujua kwamba tabasamu lile lilikuwa linawafichia wenzake uonevu wao.

Mwili ndio uliokataa kuficha. Kila alfajiri, akianza kuvaa viatu vya kazi, tumbo lilimkata. Usingizi ukamtoroka, shingo ikakaza. Siku moja alipeleka mashuka ya wodi ya watoto kwenye wodi ya wazee, kosa lake la kwanza kwa miaka minane, na njiani kurudi akajiambia kwamba labda kweli yeye ni mjinga. Mume wake, fundi baiskeli, alimwambia azibe masikio, maneno yapo kila mahali pa kazi. Mama akaziba masikio na mdomo pia. Wiki ile aliandika barua ya kuacha kazi, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba. Angeitoa Jumatatu.

Sasa, Jumamosi ile, jirani yao alikuwa ameona kila kitu kutoka ng'ambo ya ua. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye pini midomoni muda wote. Zamani alifanya kazi kiwandani, na wafanyakazi walimchagua kuwa mwakilishi wao. Alitoa pini mdomoni.

"Shoga, nani kakufundisha kukunja shuka kama mtu anayenyonga kuku?"

Mama alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akasimulia yote, akiwa amesimama pale pale. Fundi baiskeli akatoka na kitambaa cha grisi mkononi, akasikia mambo ambayo hakuwahi kuambiwa hata nusu.

Fundi cherehani hakumwonea huruma. Alimkasirikia, hasira ya mtu anayekupenda.

"Huo si utani. Utani unaisha, na wote mnacheka. Watu watano wakimwandama mmoja kila siku, mwezi baada ya mwezi, ili ajione si kitu, huo ni uonevu wa kikundi. Unaumiza mwili kama kipigo. Tumbo lako si ugonjwa wa kujitakia. Na wewe hukukosea kusema juu ya mashuka."

"Nitaacha kazi, yaishe," mama alisema.

"Yataisha kwako. Kwa yule mgeni yataanza. Kama siku moja utaondoka, ondoka kwa sababu umetaka, si kwa sababu umesukumwa."

Kisha akamweleza la kufanya. Asitukane, asilipize, maana tusi lake moja ndilo wangelipeleka ofisini. Aandike kila tukio: tarehe, saa, kilichosemwa, aliyekuwepo. Ampelekee msimamizi barua, na abaki na nakala yenye sahihi ya kupokelewa. Msimamizi akinyamaza, aende juu yake, au kwa chama cha wafanyakazi, au ofisi ya kazi. Mwajiri ana wajibu wa kulinda watu wake kazini, hafanyi hisani. Na aende kwa daktari, aseme yote, asitaje shingo peke yake.

"Na jambo la mwisho," alisema, akirudisha pini mdomoni moja moja. "Usikunje tena peke yako. Kila ukikunja, unawafunika wao kwa shuka hilo hilo."

Jioni mume alimletea mama daftari jipya, akamchongea penseli kwa kisu chake cha kazi. Akasema alikosea kumwambia azibe masikio, na sasa yeye ndiye anayetaka kusikia. Waliandika mpaka kurasa sita zikajaa.

Jumatatu mama alivaa viatu. Tumbo likamkata kama kawaida. Akakaza kamba za viatu akaenda nalo hivyo hivyo. Alimkabidhi msimamizi barua ya malalamiko, akapata sahihi kwenye nakala, akaingia chumba cha kufulia.

Akachukua shuka la kwanza. Akashika pembe mbili, akanyoosha mikono mbele, akasimama.

Mama Mvuke akamtazama. "Leo Redio imeharibika?"

"Haijaharibika," mama alisema. "Sikilizeni taarifa ya habari. Shuka hili ni la mgonjwa. Linakunjwa na watu wawili. Mimi nimeshika pembe mbili, nasubiri mbili."

Kicheko kilitoka, lakini kifupi. Dakika tano zikapita. Ncha ya pili ya shuka ikaning'inia hewani bila mtu. Wenzake waliacha kazi wakamtazama, na toroli la mashuka likabaki tupu. Kutoka wodini wakaja kuuliza mashuka yao yako wapi. Mama hakushusha mikono.

Mlango ukafunguliwa. Msimamizi aliingia na barua mkononi, akamkuta mama amesimama hivyo.

"Kwa nini hukunji kama siku zote?"

"Siku zote nilikuwa nakunja peke yangu kwa sababu wamekataa kunishikia. Haukuwa uhodari, bwana."

Msimamizi akawageukia wengine, akauliza kama ni kweli. Mashine moja ilikuwa inazunguka, inazunguka. Kisha yule dobi mgeni akapangusa mikono kwenye aproni, akavuka sakafu yenye maji, akashika ncha iliyokuwa inaning'inia.

"Ni kweli," alisema. "Niliambiwa nikishika nitakuwa redio ya pili. Basi na niwe."

Wakalikunja. Pembe kwa pembe.

Wiki ile kila mtu aliitwa peke yake na kuhojiwa, na kila tarehe katika daftari ilithibitika. Mama Mvuke alipewa onyo la maandishi. Ukutani ikabandikwa ratiba: kila siku wawili wawili wapya, na hakuna kuchagua. Daktari alimtibu mama shingo, akamsikiliza. Usingizi ulirudi polepole, siku mbili upo, siku moja haupo.

Hawakugeuka marafiki. Ratiba ilipomkutanisha mama na Mama Mvuke, walikunja mashuka arobaini bila neno. Kwenye la arobaini na moja Mama Mvuke akasema, "Vuta kidogo." Mama akavuta. Neno hilo lilitosha.

Jumamosi moja baada ya hapo mama alimkuta mumewe anafuta mnyororo wa baiskeli kwa karatasi iliyoandikwa vizuri. Ilikuwa ile barua ya kuacha kazi.

"Inafuta grisi vizuri sana," mume alisema, bila kuinua uso.

Mama akacheka, akaenda kwenye kamba ya nguo. Binti alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma, hana hakika kama ataitwa. Mama akamnyooshea pembe mbili za shuka.

"Shika. Usiachie."

Binti hakuachia.