Kamera ya Majini

Ndani ya tangi palikuwa na sahani tu, lakini picha ilionyesha sahani na vidole vya mguu.

"Baba Wanjira, huu mguu ni wa nani?" Wambeti alimuuliza mumewe.

"Ni kivuli changu," Hezekiah alijibu, akipangusa kioo cha kamera. "Taa nimeielekeza vibaya. Inatakiwa imulike kutoka kando."

Hezekiah alikuwa mpiga mbizi katika bwawa lililo chini ya mji wa Kiritiri, akikagua nyavu za wafugaji wa samaki. Wafugaji hao walikuwa wamemletea kamera mpya ya kupigia picha chini ya maji, wapate kuona nyavu zilipotoboka. Siku ya kwanza aliijaribu bwawani, akapata giza na chembe za tope zinazong'aa kama kumbikumbi. Ndipo akaamua kujifunzia nyumbani, katika tangi la saruji nyuma ya jikoni. Alikuwa anaingia, anazuia pumzi, anaipiga picha sahani aliyoizamisha, kisha anatoka kumwonyesha mkewe.

Picha zilizidi kuwa safi. Ile miguu nayo ilizidi kusogea. Zilionekana nyayo, halafu magoti, meupe kama mihogo iliyolowekwa. Hezekiah hakuyaona, au hakutaka kuyaona.

"Umeona hii ilivyotulia?" alikuwa akisema.

Kisha maji yakaanza kunuka tope na samaki aliyeoza. Yalikuwa maji ya mvua, ya kutoka kwa paa, lakini chai ilinuka bwawa, na hata shuka walizolalia zilinuka bwawa.

"Umeleta nini kutoka huko?" Wambeti alinong'ona.

"Nimeleta kamera, basi."

Asubuhi moja Wambeti alifua nguo akazimaliza, na alipokuwa akizianika akakumbuka kwamba mumewe aliingia kwenye tangi kabla hajaanza kufua, na hakuwa amemsikia akitoka. Alikimbia, akainama juu ya maji, akamwona ameketi chini kabisa, macho wazi, mdomo ukienda kama wa mtu anayepiga gumzo na jirani, wala hapakuwa na kiputo hata kimoja kilichopanda juu; na alipoegemea ukuta wa tangi akasikia ndani ya saruji sauti nyingine ikimjibu, polepole, kwa Kimbeere cha zamani ambacho hakukisikia tena tangu nyanya yake azikwe. Akamshika nywele, akamvuta.

Hezekiah hakukohoa. "Mbona umenitoa?" aliuliza. "Tulikuwa tunaongea."

Akaenda kulala, akazama usingizini kama gogo. Wambeti aliiopoa kamera kwa reki. Picha ya mwisho ilipigwa kutoka chini kwenda juu. Ilimwonyesha yeye mwenyewe, ameinama, mkono wake ukiwa kwenye nywele za mumewe.

Aliomba Mungu kwanza. Halafu, bila kuwaambia wenzake wa kanisa, akamwita Mzee Njura, mganga wa watu waliopatwa na mambo ya maji. Mzee alifika saa sita mchana, akanusa tangi bila kuchungulia.

"Alimmulika jini huko gizani kwake," alisema kwa sauti ya chini. "Jini akamfuata mwenye taa. Tutatoboa tangi, mwanangu. Atatoka na maji, na ardhi yetu ina kiu, itammeza. Lakini mpaka pakauke, mlango wa nyumba usifunguliwe."

Wambeti alifunga mlango, Hezekiah akiwa bado amelala ndani, akasimama nje, mbele ya mlango. Mzee alipiga tangi kwa nyundo na tindo hadi maji yakaruka nje. Yalipaswa kuteremka kwenye shamba la pojo. Badala yake yalizunguka jikoni, yakavuka mchanga mkavu bila kupungua, yakaja yakasimama kando ya miguu ya Wambeti, yametulia, na yanamtazama.

"Usisogee," Mzee Njura alinong'ona.

Nyuma ya Wambeti kitasa kikaanza kugeuka. Akakishika kwa mikono miwili.

"Mama Wanjira," Hezekiah alisema kutoka ndani, kwa upole, "mpishe mgeni apite."